Intaneti ya Mwendo wa Kobe: Tupime Kabla ya Kulaumu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Naam, ndugu msomaji, wengi wetu tunatoka katika vijiji na mitaa ambako kampuni ya intaneti inayofika nyumbani ni moja tu. Nyaya za faiba zimeishia mjini, mnara wa simu ulio karibu ni mmoja, na ukimweleza mtu wa Nairobi kwamba huna pa kuhamia, atakucheka tu. Huko mjini mtu akiudhiwa na kampuni hii leo, kesho anaita ile. Sisi je? Tukae tukikitazama kile kiduara kikizunguka kwenye skrini mpaka usingizi utuchukue? La hasha!

Jambo hili si la mzaha. Mnamo Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa sababu ya korona, walimu wengi walianza kufundisha kwa njia ya mtandao. Mwenye intaneti nzuri alisoma. Mwenye intaneti ya kobe alimsikia mwalimu akikatikakatika kama redio yenye betri kuukuu. Mtihani wa KCSE wa mwaka huo uliahirishwa hadi Machi 2021, na ulipofika, swali lilikuwa lile lile kwa aliyesoma na kwa aliyekosa. Hata leo, maombi ya kujiunga na vyuo vikuu hufanywa kwenye mtandao, na tarehe ya mwisho haimngoji mtu ati kwa kuwa mtandao wa kwao una usingizi.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba mtu asiye na kampuni ya pili ya kukimbilia bado ana mengi ya kufanya, mradi ajue kwanza uchelewevu unatokea wapi. Anayenunua bando kubwa kabla ya kujua hilo ni kama mgonjwa anayemeza dawa kabla ya kupimwa. Huenda akapona, lakini itakuwa bahati nasibu.

SAFARI YA OMBI LAKO

Hebu tuifuate safari yenyewe. Unapobonyeza simu au tarakilishi, ombi lako huruka kwa mawimbi hadi kwenye ruta, kile kisanduku chenye taa zinazomemeta. Kutoka hapo huenda hadi kwenye mnara, ambao wengi wetu huuita busta, au hupita kwenye waya, hadi lifike kwenye mitambo ya kampuni. Ikiwa unachokitafuta kiko ng'ambo, basi huzama baharini. Kenya iliunganishwa na nyaya za faiba za baharini mwaka wa 2009, wakati TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa. EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 36,000 juu ya dunia, na ombi lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi.

Kwa hivyo njia hii ina vipande vitatu: ndani ya nyumba, kati ya nyumba na kampuni, na kati ya kampuni na ulimwengu. Maji yakipungua jikoni, fundi hodari havunji ukuta papo hapo. Kwanza huuliza: je, ni mfereji wa jikoni, ni bomba la kutoka barabarani, au ni bwawa lenyewe limekauka?

Kipande cha tatu kikiharibika, sisi wa nyumbani hatuna la kufanya. Mnamo Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Kenya na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hata ukiipangusa ruta kwa kitambaa cha hariri haitasaidia. Ila siku hizo ni chache. Shida ya kila jioni huwa iko katika vipande viwili vya kwanza, na kimoja kati ya hivyo kimo mikononi mwetu kabisa.

KUPIMA

Kwanza tuelewane juu ya vipimo. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hiyo laini ya megabiti 8 kwa sekunde hupakua megabaiti 1 tu kila sekunde, wala si 8. Kitabu cha marudio chenye megabaiti 40 kitachukua sekunde 40 hivi, hata mambo yakiwa shwari. Wengi hulalamika kuwa wameibiwa, kumbe ni hesabu ya darasani!

Zipo tovuti na programu za bure za kupimia kasi, kama vile Speedtest. Pima mara tatu. Mara ya kwanza, kaa kando ya ruta, vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa. Ikiwezekana, unganisha tarakilishi na ruta kwa waya. Mara ya pili, pima katika chumba unachosomea. Mara ya tatu, rudi kando ya ruta, lakini upime alfajiri na upime tena saa tatu usiku. Andika kila kipimo daftarini pamoja na tarehe na saa. Tahadhari: kupima kwenyewe hula bando. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, sekunde 15 za kupakua hula takriban megabaiti 19. Usipime kila dakika kama mtu anayepima uzito wa ng'ombe wa maonyesho.

Sasa soma daftari lako. Kasi ikiwa nzuri kando ya ruta na mbaya chumbani, ugonjwa umo ndani ya nyumba. Ikiwa mbaya kando ya ruta mchana na usiku, ugonjwa uko kati ya nyumba na mnara. Ikiwa nzuri alfajiri na mbaya usiku, basi kuna msongamano: watu wa kijiji kizima wanagawana mnara mmoja, kila mtu amerudi kutoka kazini na kila mtu anataka kutazama mpira.

Nyumbani kwetu tulifanya hivyo likizo ya Agosti kwa siku tatu. Kando ya ruta tulipata megabiti 9. Katika chumba cha nyuma wanamosomea ndugu zangu tulipata 2. Saa tatu usiku, hata kando ya ruta haikuzidi 3. Hapo tukajua kwamba tuna magonjwa mawili: ukuta, na msongamano wa usiku. Mama, ambaye tayari alikuwa ametoa pesa za bando ya bei ya juu, alizirudisha mkobani. Bando hiyo ingekuwa kubwa zaidi, lakini ingepita katika ukuta ule ule na mnara ule ule.

DAWA ZA NDANI YA NYUMBA

Mawimbi ya waifai hayapendi chuma, maji wala mawe. Mabati huyarudisha nyuma kama kioo kinavyorudisha mwanga. Tangi la maji na ukuta mnene wa mawe huyameza. Kwa hivyo usiifungie ruta kabatini, usiiweke sakafuni, wala usiifiche nyuma ya runinga ati kwa sababu haipendezi macho. Iweke mahali pa juu, peupe, karibu na wanaoitumia.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na husumbuliwa na ruta za majirani na hata na oveni ya maikrowevu ikiwa kazini. Yale ya 5 yana kasi, ila huchoka upesi njiani. Basi aliye sebuleni pamoja na ruta achague 5, na aliye chumba cha mbali achague 2.4. Katika mitaa ya nyumba zilizobanana, ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague mkondo wa 1, 6 au 11, kwa maana hiyo mitatu haigongani.

Na waya je? Wengi wanaudharau, lakini waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye tarakilishi haujui ukuta wala mabati. Asiye na ruta, anayetumia simu kugawa mtandao, aiweke simu hiyo dirishani na kuiunganisha na tarakilishi kwa waya wa kuchajia, badala ya kuilaza mfukoni.

Kuna pia vile visanduku vya kurudiarudia mawimbi vinavyouzwa madukani. Ndiyo, husaidia kufikisha waifai chumba cha mbali, lakini vingi husikiliza na kusema kwa mawimbi yale yale, kwa hivyo kasi hupungua kwa karibu nusu. Tena, shida ikiwa kwenye mnara, kisanduku hicho kitarudia tu ule udhaifu. Na zile programu za simu zinazoahidi kuongeza kasi ya intaneti kwa kubonyeza mara moja? Jamani, zile haziwezi kupanua njia ya mnara. Nyingi ni matangazo tu, nayo matangazo yenyewe hula bando.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

"Hii bando imeenda wapi jamani?" Swali hili husikika katika nyumba nyingi tarehe kumi ya kila mwezi. Jibu ni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Simu zinasasisha programu zake zenyewe, tarakilishi inajipakulia masasisho, picha za makundi ya WhatsApp zinashuka bila kuombwa, na video za harusi zinapakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni huku mwenyewe amelala fofofo.

Haya yote yanaweza kuzuiwa. Katika WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha. Katika simu, ruhusu masasisho saa unayotaka wewe. Katika tarakilishi yenye Windows, iambie kuwa mtandao wako ni wa kulipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza kujipakulia ovyo. Video nazo zipunguze ukali wa picha: saa moja ya filamu yenye picha kali hula takriban gigabaiti 3, ilhali picha ya kawaida hula chini ya gigabaiti 1. Kwa mtu anayemtazama mwalimu akiandika hesabu ubaoni, picha ya kawaida inatosha kabisa. Aidha, badilisha nywila ya waifai mara kwa mara. Jirani mwema tunampenda, lakini si kila jirani aliyewahi kuingia aendelee kunywa kisimani mwetu usiku na mchana.

Tuelewe pia jambo la foleni. Ruta hupanga data mstari mmoja. Mtu mmoja akianza kupakia video kubwa, mstari hujaa, na ombi dogo la mwanafunzi anayefungua ukurasa mmoja husubiri nyuma, mfano wa abiria mwenye kifurushi kimoja aliyekwama nyuma ya mfanyabiashara mwenye magunia ishirini ya viazi. Ndiyo maana mtandao unaweza kukwama ilhali kasi yake si mbaya. Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kukipa kifaa kimoja kipaumbele. Zisizo nao, dawa yake ni mazungumzo ya kifamilia.

Na hapa ndipo penye utata. Baba anataka taarifa ya habari, kaka anataka mpira, dada ana somo la chuo kwa video, na mtahiniwa wa kidato cha nne anataka kupakua karatasi za marudio. Kitu kikiwa kidogo, asiyepaza sauti ndiye hukosa, na mara nyingi huyo ni mtoto. Ombi langu kwa wazazi ni hili: tugawane saa kama tunavyogawana chakula. Mazungumzo ya video ya watu wawili huweza kwenda kwa chini ya megabiti 2 kwa sekunde, ikiwa hakuna anayevuruga foleni. Saa moja ya adabu nyumbani huweza kumfaa mwanafunzi kuliko bando mpya.

DAWA ZA KATI YA NYUMBA NA MNARA

Ikiwa ruta yako hutumia kadi ya simu, iweke kwenye dirisha linaloelekea mnara. Jaribu kila dirisha, na upime kila mara. Kurasa za mipangilio za ruta nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa nambari hasi: hasi 85 ni nzuri kuliko hasi 110. Katika nyumba ya mabati, hatua mbili tu kutoka katikati ya chumba hadi dirishani zaweza kuleta tofauti kubwa. Ruta nyingine zina tundu la kuchomekea antena ya nje, ambayo hufungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye mnara. Waya wake uwe mfupi, kwani kadiri unavyorefuka ndivyo mawimbi yanavyopotea njiani. Kabla ya kununua kifaa cha kukuza mawimbi ya simu, uliza kama kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, maana kifaa kibovu huweza kuwavuruga majirani wote.

Angalia pia kadi yenyewe. Kadi za zamani sana hazikutengenezwa kwa 4G, na huenda ukawa unatambaa kwenye 3G ilhali mnara una 4G. Kubadilisha kadi hakukunyang'anyi nambari yako.

Je, kweli kampuni ni moja tu? Usiamini maneno ya barazani. Mgeni akija na laini ya kampuni nyingine, mwombe apime hapo hapo nyumbani. Ikidhihirika kuwa ile ni bora, tangu Aprili 2011 mteja wa simu nchini Kenya anaweza kuhamia kampuni nyingine akibaki na nambari yake. Kwa walio mbali kabisa na minara, setilaiti zimerudi kwa sura mpya: huduma ya Starlink ilifika Kenya Julai 2023, ikitumia setilaiti zilizo umbali wa kilomita zipatazo 550 tu, kwa hivyo ombi halichelewi kama zamani. Hata hivyo kifaa chake si cha bei ya peremende. Na tusidhani angani hakuna msongamano: Novemba 2024 huduma hiyo ilisimamisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na sehemu jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

MSONGAMANO NA MALALAMIKO

Ugonjwa wa mwisho, msongamano wa usiku, hauponi kwa kusogeza ruta. Dawa yake ni saa. Mnara unaolemewa saa tatu usiku huwa mtupu saa kumi alfajiri. Basi mambo mazito, kama video za masomo, vitabu na masasisho, yapakue alfajiri, kisha uyatumie mchana bila mtandao. Anayeamka kukamua ng'ombe anaweza kubonyeza kitufe kabla ya kushika ndoo. Akirudi na maziwa, kitabu kipo. Maombi ya vyuo nayo yasisubiri usiku wa mwisho, maana usiku huo nchi nzima iko mlangoni.

Soma pia masharti ya bando. Baadhi ya bando zinazoitwa za bila kikomo zina kiwango, na ukikivuka kampuni hupunguza kasi hadi mwezi uishe. Ikiwa kobe huja nyumbani kwenu kila mwezi baada ya tarehe ishirini, huenda ametumwa na sharti hilo.

Baada ya kufanya yote haya, ikiwa kasi kando ya ruta bado ni mbaya, sasa laumu, tena laumu kwa ushahidi. Barua inayosema "mtandao wenu ni mbaya sana" ni rahisi kuwekwa kando. Barua yenye tarehe, saa na kasi za wiki mbili ni vigumu kuipuuza, hasa ikiwa na saini za majirani kumi wenye daftari kama lako. Peleka kwanza kwa kampuni, udai nambari ya lalamiko na uihifadhi. Usipojibiwa, lipeleke lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina jukumu la kuwalinda watumiaji. Mwenye nambari hupigania haki yake. Asiye na nambari hupiga kelele tu.

Wanafunzi wenzangu, likizo imebisha hodi. Mkifika nyumbani, kabla ya kumwomba mzazi pesa za bando kubwa zaidi, chukueni daftari na kalamu mpime kwa siku tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe hauonekani ila kwa kipimo. Walimu wetu nao, mnapotupa kazi ya mtandaoni wakati wa likizo, tunaomba mtupe siku za kutosha, kwa sababu kuna mwenzetu ambaye nafasi yake ya kusoma ni saa kumi alfajiri, dirishani, upande wa mnara.